Mkono wa Mang Kulas

Sehemu ya kumi na nne

Kofi lililia kabla halijapigwa.

Wasomaji walioniandikia wiki nzima kuuliza kama Maestro Telesforo Magsino alinusurika pale tulipomwacha, jibu ndilo hilo. Hakunusurika. Tulimwacha Jumamosi ndani ya studio ya Don Saturnino Oviedo, lile ghala la tumbaku la zamani huko Santa Mesa, kifimbo kikiwa juu, wanamuziki kumi na wanne wakishika pumzi, kitambaa cheupe kikiwa kimetandazwa ukutani. Alikuwa ameapa mbele ya watu wote kwamba ataupigia muziki mkanda wa kwanza wa filamu kwa kuitazama picha tu, bila saa wala hesabu, na hatakosa tukio hata moja. Asipokosa, jina lake lingeandikwa mwanzoni mwa filamu kwa herufi kubwa. Akikosa, lingeandikwa la Wilfrido Ansaldo.

Basi taa zikazimwa, picha ikaanza kutembea, na matoazi ya Teban mpiga ngoma yakalia, chaa!, wakati Ligaya, msichana wa filamu, pale ukutani bado anaunyanyua mkono. Kofi lenyewe lilimfikia msimamizi wa shamba baadaye, kimya kimya, kama la mtu anayefukuza inzi.

Panga likaanguka. Ngoma ikakumbuka baadaye.

Msimamizi akatumbukia mtoni kutoka darajani. Tarumbeta zilikuwa zimeshamaliza kumzika.

"Washeni taa!"

Don Saturnino alikuwa amekaa kwenye kiti cha henzirani, akimenya matunda ya lansones na kutia maganda ndani ya kofia yake. Mali yake yote aliipata kwa kuuza barafu, na hakuona sababu ya kuuogopa muziki.

"Maestro," alisema bila kuinua macho, "nilisikia wewe hukosi."

"Teban amelala."

"Mimi?" Teban alisimama nyuma ya ngoma zake, mwembamba, shati limemgandama kwa jasho. "Mimi nimepiga uliposhusha kifimbo. Ukishusha kesho, nitapiga kesho."

Wapiga fidla waliinamisha nyuso kwenye karatasi zao ili wacheke kwa heshima.

Kule pembeni, mguu juu ya mguu, alikaa Wilfrido Ansaldo na saa yake ya kupimia mbio. Miaka mitatu Amerika ilikuwa imemfundisha kuvaa viatu vya rangi mbili na kuupima muziki kama kitambaa dukani. Juma lililotangulia alirekodi mkanda wa majaribio. Kila kitu kilifika kwa wakati wake, na kila kitu kilikuwa kikavu kama kumbi la nazi. Don Saturnino alisinzia katikati ya mapigano ya mapanga. Ndiyo maana Maestro aliitwa.

"Sekunde moja na robo mapema kwenye kofi," alisema Wilfrido. "Mbili kuchelewa kwenye panga. Pale darajani, uniwie radhi Maestro, niliacha kuhesabu kwa adabu."

"Bwana mdogo, mimi nilikuwa nafuata picha wewe ukinyonya."

"Ni kweli. Mimi nimeshaachishwa ziwa, na wewe bado unaifuata."

Safari hii hakuna aliyeinamisha uso.

Maestro alirudia mara ya pili, akiwa ameng'ata meno. Mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa alikuwa anamsubiri Ligaya apige kofi, na mtu anayesubiri kofi huwa hana muziki mwingine kichwani. Matoazi yalilia msichana akiwa ameshaanza kulia machozi.

Don Saturnino aliinuka, akamwaga maganda mlangoni, akavaa kofia.

"Nakwenda kula. Nitarudi saa nane. Nikirudi, nataka mkanda huu uwe tayari kurekodiwa. Ukikosa tena, Maestro, chukua watu wako na viti vyao. Wilfrido atanilaza usingizi, lakini kwa wakati wake."

Ilikuwa saa tano na nusu.

Tusimhukumu Maestro haraka. Mtu aliyesifiwa miaka kumi na miwili ana haki ya kudhani kwamba sifa ni zake. Sisi tuliokuwa tukijazana viti vya mbele pale sinema Paloma, mtaa wa Azcarraga, tulimwona kwa macho yetu. Filamu zilikuwa bubu siku hizo na okestra ndiyo iliyosema. Bunduki ikitoa moshi, ngoma inalia papo hapo. Mpenzi akigusa mkono wa mpenzi, fidla zinapanda sekunde ile ile. Na Maestro alifanya hayo akiwa amefumba macho nusu, kidevu juu, kama mtu anayenusa mchuzi. Magazeti yalimwandika. Aliyakata, akayabandika ukutani sebuleni, na mgeni hakupewa kahawa kabla ya kuyasoma.

Halafu mwaka wa thelathini na moja Paloma ikaleta mashine za sauti, na okestra ikaambiwa ahsante. Tangu hapo Maestro alipigia sherehe za watakatifu, harusi, na maziko ya watu ambao zamani asingewasalimia.

Kwa hiyo studio ilipobaki tupu, wanamuziki wametoka kwenda kununua wali na dagaa kavu, yeye hakuwaza kwamba amekosea. Aliwaza kwamba mashine ina hila. Alipanda kwenye kile chumba kidogo chenye kioo nyuma ya ghala.

"Mashine yako inakwenda ovyo," alimwambia fundi.

Fundi alikuwa anakula. "Inakwenda kwa mota, Maestro. Haimjui mtu."

"Wilfrido amekupa nini?"

"Amenipa salamu. Wewe hata hiyo hujanipa."

Maestro alishuka. Alikuwa amemkumbuka mtu mmoja anayeijua mashine ya picha kuliko fundi yeyote wa mota: Mang Kulas, aliyeonyesha picha pale Paloma miaka yote kumi na miwili, akizungusha mpini wa mashine kwa mkono. Kulas angeitazama mashine hii, angetaja ugonjwa wake mbele ya Don, na mambo yangekwisha. Maestro akasimamisha karetela, akamwambia mwenye farasi aende Sampaloc, upesi.

Mang Kulas alikuwa uani, kifua wazi, anasaga mchele uliolowekwa. Tangu mota zimnyang'anye kazi, yeye na mkewe Aling Sepa waliishi kwa keki za mchele za asubuhi. Jiwe la juu lilizunguka juu ya jiwe la chini, unga mweupe ukachuruzika, na mkono wake wa kulia ulikwenda bila kutetereka, kama mkono wa mtu anayewaza mengine.

"Kumpare!" aliita Maestro kutoka langoni, kama wanavyoitana baba wa mtoto na baba yake wa ubatizo.

Aling Sepa ndiye aliyejibu. "Heh. Kulas, njoo uone, baba wa ubatizo wa mwanao kafufuka." Akamgeukia Maestro. "Mwanao wa ubatizo anaota meno ya ukubwani, wewe hata ya utotoni hukuyaona. Karibu. Kuna aliyekufa huko kwenu, au kuna unachotaka?"

"Nimebanwa na kazi, kumare."

"Kazi ya mazishi, tumesikia. Inalipa?"

"Sepa," alisema Mang Kulas taratibu, akiosha mkono. Alikuwa mtu mfupi, bega la kulia kubwa kuliko la kushoto kama limeazimwa kwa mtu mwingine. Alimsikiliza Maestro hadi mwisho. Maestro aliposema "picha inanikimbia, halafu inanisubiri, ni kama ulevi," macho ya Kulas yalitazama chini, kwenye lile jiwe.

"Labda nisije, kumpare," alisema.

"Utakuja. Utawaambia hiyo mashine ni mbovu."

"Na kama si mbovu?"

"Vaa shati, Kulas. Saa nane si mbali."

Walifika saa saba. Wanamuziki walikuwa wamesharudi na Teban alikuwa anachokonoa meno kwa njiti. Wilfrido hakutoka kabisa; alikunywa kahawa yake hapo hapo pembeni, ili asikose kitu.

Mang Kulas hakupanda chumbani kwa fundi. Alisimama tu nyuma ya Maestro na kuomba mkanda uonyeshwe, okestra ipige. Wakapiga. Kofi likakosewa kama zamani. Lakini Teban, ambaye kazi yake ilimfunza kutazama watu, aliona jambo: giza lote lile, mkono wa kulia wa mgeni ulikuwa unazunguka hewani, kando ya paja, unaharakisha na kupunguza, unaharakisha na kupunguza, na kila mara ulipokuta picha haiusikilizi ulisita kidogo kama mtu aliyepiga hodi na hakuitikiwa.

Taa zikawaka.

"Haya!" alisema Maestro kwa sauti ya kushinda. "Waambie."

"Kumpare, tutoke nje kidogo."

"Nje kuna nini? Sema hapa hapa."

"Nje kuna hewa."

"Kulas, watu wamenicheka hapa tangu asubuhi. Nataka wasikie hapa hapa. Mashine ina nini?"

"Haina kitu. Nzima kabisa. Kasi yake ni moja, mwanzo hadi mwisho."

"Basi kosa ni la nani?"

Mang Kulas alijikuna shingo. Alikuwa na uso wa mtu aliyeombwa kufumua nguo ya jirani barabarani.

"Langu," alisema.

"Lako vipi? Wewe ulikuwa Sampaloc unasaga mchele!"

"Langu la zamani. Paloma. Kumpare, wewe hukuwa unaifuata picha. Picha ilikuwa inakufuata wewe." Alinyanyua ule mkono wa kulia, akautazama kama shahidi asiyemtaka. "Ukikimbia, nazungusha haraka. Ukikawia, napunguza. Jicho moja kwenye kitambaa, jicho moja mgongoni kwako. Ukivuta pumzi ya matoazi, mimi nauharakisha mpini ili bunduki iwahi. Miaka kumi na miwili."

Kijiko cha Wilfrido kilisimama ndani ya kikombe.

Halafu Teban akapiga paja. "Mama yangu! Mazishi ya malkia!"

"Mazishi gani?" aliuliza mpiga selo, ile fidla kubwa.

"Yale ya filamu ya Kiitaliano! Maestro alikuwa na njaa, akayapeleka mbio. Wabeba jeneza wakapita pale kitambaani kama wezi wa kuku!"

"Na yule shujaa wa jangwani," alidakia mwingine. "Alikuwa anatembea kama ana jipu."

"Siku hiyo fidla zilimpendeza kumpare," alisema Mang Kulas kwa huzuni. "Hakutaka wimbo uishe. Ningefanyaje? Nikampunguza shujaa."

"Na farasi walioogelea hewani?"

"Siku hiyo alikuwa na usingizi."

Ghala lote lilivunjika kwa kicheko. Tarumbeta ilidondoka. Na sisi wa viti vya mbele, ndugu wasomaji, hatuna ruhusa ya kumcheka Maestro peke yake. Tuliona yote hayo, wiki baada ya wiki: malkia anazikwa mbio, mpenzi anavuka chumba kwa dakika nzima. Hatukuuliza. Tulidhani ndivyo wanavyotembea Ulaya.

Wilfrido alicheka kuliko wote, kichwa nyuma, hadi machozi. Kisha akaacha ghafla. Alikuwa anautazama mkono wa Mang Kulas, na uso wake ukawa wa mtu anayepiga hesabu.

Maestro hakumwona. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa jukwaa, kifimbo kimelala magotini. Aliona sebule yake, ule ukuta wa magazeti. Alijaribu kukumbuka jioni moja tu pale Paloma, moja, ambayo ilikuwa yake kwa hakika. Hakuipata. Kila alipoishika, nyuma yake kulikuwa na mtu kifua wazi, chumba cha joto, anazungusha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku ya kwanza ulikuwa na homa," alisema Mang Kulas. "Nikasema nikusaidie hiyo siku tu. Kesho yake gazeti likakuandika. Sasa ningeanzia wapi?"

"Miaka kumi na miwili, Kulas!"

"Ulikuwa na furaha sana, kumpare. Na watu walikuwa wanajaa."

Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika ishirini.

"Basi nimekwisha," alisema Maestro. "Bwana mdogo, njoo uchukue."

Wilfrido hakusogea. Aliyesogea ni Mang Kulas. Alikwenda hadi kwenye meza ya kukunjia filamu, ile yenye gurudumu na mpini, ambayo kila studio inayo, akaujaribu mpini. Ukalia kwiii.

"Nani ana mafuta ya nazi?"

Wapiga fidla watatu walikuwa nayo kichwani, mmoja alikuwa nayo chupani. Mang Kulas aliupaka mpini, akauzungusha tena. Kimya. Akaomba aonyeshwe mkanda mara moja, bila muziki. Aliutazama huku akizungusha gurudumu tupu, mwanzoni akibabaika, halafu mkono wake ukaipata kasi ya ile mota na kutulia nayo. Mkanda ulipokwisha alisema, kama anayesoma orodha ya sokoni:

"Kutoka anapogeuka hadi kofi, mizunguko ishirini na sita. Kutoka kofi hadi panga, arobaini, na nusu. Darajani, kumi na tisa. Mkono hausahau. Wewe nitazame mimi, kumpare. Wimbo wako ni mizunguko minne toka pigo zito hadi pigo zito linalofuata. Nikinyanyua kiwiko, tukio linakuja."

"Nikutazame wewe?" Maestro aliinuka. "Mimi, Telesforo Magsino, niongoze okestra nikiwa namtazama mwonyesha picha?"

"Mimi nilikutazama miaka kumi na miwili," alisema Mang Kulas. "Na mgongo wako, kumpare, si kitu cha kutazama."

Teban alilazimika kukaa chini.

Wakafanya mazoezi. Mara ya kwanza Maestro alizipenda fidla, kama kawaida yake, akataka kubaki nazo. Mkono haukumsubiri. Ulikwenda zake. Mara ya pili alitaka kukimbilia panga. Mkono haukukimbia. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuambiwa hapana na kitu kisichosema. Jasho lilimtoka hadi kwenye soksi. Mara ya nne kofi na matoazi vilikutana, chaa!, na Ligaya alionekana kwa mara ya kwanza amempiga mtu kweli kweli.

Mpiga selo alisema, "Yesu Maria."

Saa nane Don Saturnino aliingia, akatia kidole mdomoni kuchokoa nyama, akakaa. Taa zilikuwa zimeshazimwa.

"Rekodi," alisema.

Sitaweza kuwapa muziki ule kwa wino. Ulikuwa wa Maestro, na katika hilo tusimnyime haki: sauti zile alizitunga yeye, kwa miaka mingi ya maziko na sherehe, na zilikuwa na kitu ambacho saa ya Wilfrido haikuwahi kukipima. Zilimkosa tu mtu wa kuzishika mkono. Kofi likatua. Panga likalia sakafuni na ngoma pamoja. Msimamizi alipopinduka darajani, tarumbeta zilikwenda naye hewani, zikaingia naye majini, na yale mawimbi ya mwisho yalizimika hapo hapo picha ilipozimika.

Kule gizani, mkono mmoja uliacha kuzunguka.

Taa. Don Saturnino alikuwa ameshika lansones nusu imemenywa na hajaila.

"Wilfrido?"

Wilfrido alitazama saa yake. "Hakuna kosa," alisema. Kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.

"Maestro!" Don aliinuka, akampiga bega. "Kumbe asubuhi ulikuwa unanichezea? Unataka nikubembeleze kama kaburi la mtakatifu? Haya, nimebembeleza. Mwiteni yule wa maandishi!"

Mchora maandishi aliingia na ubao wake mweusi, ule ambao ungepigwa picha uwekwe mwanzoni mwa filamu. Alikuwa ameshaandika kwa rangi nyeupe: Muziki umetungwa na kuongozwa na. Chini yake palikuwa patupu. Alichovya brashi.

Hapo ndipo Don Saturnino alipomwona mtu mfupi kando ya meza ya kukunjia filamu, anafuta mafuta ya nazi mkononi kwa kitambaa.

"Na huyu nani?"

Wanamuziki wote walimtazama Maestro. Yeye aliutazama ubao, pale patupu, na palikuwa mahali pazuri, papana, panapotosha jina moja refu. Majina mawili yangebanana.

Alikuwa na muda wa kutosha wa kusema. Nimehesabu na mtu aliyekuwapo. Anasema ulikuwa muda wa kuvuta pumzi mara tatu.

"Huyu?" alisema Maestro. "Ni mtu wa kukunja filamu."

"Si tunaye mmoja?"

"Alikuja kumsaidia. Anakwenda."

"Jina la kuandika?" aliuliza mchora maandishi.

"Telesforo Magsino."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Teban alitazama juu, kwenye mabati, kama anayetafuta mahali panapovuja. Mpiga selo alianza kufuta ala yake iliyokuwa safi. Mang Kulas alikunja kile kitambaa vizuri, mara mbili, akakiweka mezani. Akamwinamia Don. Akamgeukia Maestro.

"Kumpare," alisema, "nisalimie nyumbani."

Akatoka. Hakubamiza mlango. Ingekuwa afadhali angeubamiza.

Brashi ilianza kuandika. Maestro alisimama nyuma ya mchora maandishi na kuona herufi zikitokea moja moja, nyeupe, nono, na akangoja ile furaha aliyoijua, ya gazeti la asubuhi. Ilichelewa. Alidhani itakuja likiisha jina la baba.

"Vizuri," alisema Don Saturnino, akivaa kofia. "Kesho saa mbili asubuhi tuanze mikanda sita iliyobaki. Yote kesho, mashine ya sauti nimeikodi, haiwezi kulala hapa. Na nimewaambia wale wa langoni: kuanzia kesho asiye wa studio haingii. Watu wanaingia humu kama sokoni, mara wa kukunja, mara wa kukunjua. Wewe huna haja nao, Maestro. Wewe una jicho."

"Mikanda sita," alisema Maestro.

"Sita. Mapanga tupu. Na mfululizo wa farasi."

Don akaondoka akipiga mluzi ule wimbo wa darajani, na kwa wakati wake.

Maestro hakugeuka. Alijua wanamuziki wote wako nyuma yake. Aliyesema ni Teban, kwa sauti ya chini, ya heshima kabisa, ambayo ndiyo mbaya zaidi kutoka kwa mpiga ngoma.

"Kesho nitapiga ukishusha kifimbo, Maestro. Kazi yangu ni hiyo. Lakini wewe utashusha kwa kumtazama nani?"

Ndipo alipokimbia.

Alikimbia kupita ubao wenye jina lake, bega lake likaugusa na kuiburura N ya Magsino ikaota mkia, mchora maandishi akapiga kelele. Alikimbia uani, kwenye jua, koti likipepea, mtu mzima wa miaka hamsini na minne aliyekuwa akiwafundisha wengine kwamba kiongozi hakimbii. Angemwambia Kulas kitu. Hakujua bado ni kitu gani. Angemwita kumpare, angemtaja yule mtoto wa ubatizo, angeahidi kuja Jumapili na zawadi; na kesho wangempitisha dirishani kama ikibidi.

"Kulas!" aliita. "Kumpare!"

Nje ya lango, kivulini, lilisimama gari la kijivu. Wilfrido Ansaldo, asiyewahi kumfungulia mtu mlango tangu ashuke kwenye meli, alikuwa ameushika wazi mlango wa gari lake, kofia mkononi, kama anampokea askofu. Mang Kulas alikuwa ameshaingia, ameketi mbele, magoti pamoja, shati lake bora limefungwa hadi kooni.

"Kumpare, subiri!"

Mang Kulas aligeuka na kumtazama. Hakuwa na hasira usoni, na Maestro, aliyekuwa tayari kwa hasira, hakujua afanye nini na uso ule. Wilfrido akazunguka gari mbio, akaingia upande wake, akaiwasha injini.

Saa ya kupimia mbio ilikuwa katika mkono wa kushoto wa Mang Kulas. Alikuwa ameiweka sikioni na kuisikiliza. Na mkono wa kulia, ulioning'inia nje ya dirisha gari likianza kuondoka, ulikuwa tayari unazunguka.